Barua za Keats kwa Fanny: kosa halikuwa kuzichapisha

Mwaka 1878 mhariri Harry Buxton Forman alitoa kitabu cha barua ambazo mshairi Mwingereza John Keats alimwandikia mchumba wake, Fanny Brawne. Keats alikuwa amefariki Roma mwaka 1821 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25. Fanny aliolewa baadaye na mtu mwingine, akafariki mwaka 1865, na watoto wake ndio waliouza barua hizo. Ugomvi ulioanza hapo bado haujaisha: ilikuwa halali kuzitoa?

Wanaosema hapana wana hoja, na mara nyingi ndio wanaoonekana wenye utu. Barua zile ziliandikwa zisomwe na mtu mmoja. Nyingine ni vikaratasi vya mgonjwa anayekohoa damu, aliyelala ukuta kwa ukuta na mchumba wake huko Hampstead, London. Leo anamshuku, kesho anamwomba msamaha. Barua zenyewe zilipopigwa mnada mwaka 1885, mwandishi Oscar Wilde aliandika soneti, shairi la mistari 14, akiwafananisha wanunuzi na askari waliopigia kura mavazi ya Yesu. Mtu mwenye moyo hawezi kuisoma asitikisike. Na Forman mwenyewe si mtu wa kuwekewa dhamana: baadaye iligundulika kwamba alishirikiana na Thomas Wise, mkusanyaji wa vitabu, kughushi vijitabu vya kuwauzia wakusanyaji wenzao.

Lakini si kila aliyepinga alikuwa akilinda heshima ya marehemu. Mshairi na mhakiki Matthew Arnold, mwaka 1880, alisema wazi kilichomkera: hizi ni barua za mapenzi za mwanafunzi wa mganga mpasuaji, za aina inayosomwa mahakamani katika kesi za ndoa. Ni kweli Keats alisomea udaktari katika hospitali ya Guy's, na baba yake alisimamia zizi la farasi wa kukodisha. Basi aibu anayoizungumzia Arnold ni ya malezi, ya mtu wa chini kupenda bila kujizuia mbele ya wakubwa. Hilo siwezi kuliita faragha.

Kuna hasara ambayo wapinzani hawaihesabu. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1819, Keats alimwandikia kaka yake George, aliyehamia Marekani, kwamba dunia ni bonde la kuundia roho. Maumivu ndiyo shule yake. Wasomi huinukuu barua hiyo kama maneno ya mzee mwenye hekima. Oktoba mwaka huohuo anamwambia Fanny kwamba zamani alishangaa watu kufa mashahidi kwa ajili ya dini, sasa hashangai, kwa kuwa dini yake ni mapenzi na yuko tayari kuifia. Ni kijana yuleyule. Ukizificha hizi 39 za Fanny, anabaki mwanafalsafa asiyetetemeka, na mtu huyo hakuwahi kuwepo.

Aliyeumizwa kweli na kitabu cha 1878 ni Fanny. Hapa ndipo ninaposhindwa kupita haraka. Barua zake kwa Keats hazipo. Zile zilizomfikia Roma mwishoni Keats hakuweza kuzifungua, maana kuona mwandiko tu kulimzidi nguvu. Akazikwa nazo zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo msomaji alisikia tuhuma bila utetezi. Wivu wa mtu mwenye homa ukageuzwa ushahidi: akaitwa msichana mwepesi, mpenda dansi, asiyejua alipendwa na nani. Hukumu hiyo ilidumu miaka 58. Wengine walimlaumu hata kwa kuzitunza barua, kana kwamba kutozichoma ni dalili ya moyo mgumu.

Wapinzani watasema: ndiyo hayo, tuliwaambia. Lakini tazama kilichomtoa lawamani. Mwaka 1936 zilichapishwa barua 31 ambazo Fanny alimwandikia dada yake Keats, Fanny Keats, kati ya 1820 na 1824. Nazo zilikuwa za faragha. Msichana wa miaka 20 akimwandikia wifi ambaye hakupata kuwa wifi yake. Humo anazungumza vitabu na nguo, anatania, anajua kwamba yule aliyeko Roma harudi. Baada ya msiba anaandika kwamba hajapona na hatapona kamwe. Waliokuwa wamemwita mwepesi wakaanza kujisahihisha.

Kama dada yule, aliyezeeka na kufia Madrid, angefuata ushauri wa wanaotaka barua za wapenzi zichomwe, Fanny Brawne angebaki hadi leo kama alivyochorwa mwaka 1878. Barua zilizotunziwa faragha kikamilifu ni zile alizomwandikia Keats, zilizo ndani ya jeneza huko Roma, na hizo ndizo ambazo zingeweza kumjibia tangu siku ya kwanza.