Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kufuta wosia

Katika familia nyingi za Tanzania, baada ya matanga kuanuliwa, ukoo hukaa kikao, na hapo ndipo wosia wa marehemu, kama upo, husomwa mbele ya watu ambao baadhi yao wangetamani usiwepo. Kikao hicho hakina mamlaka ya kuufuta. Kazi yake ni kupendekeza msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari utakaopelekwa mahakamani. Anayemteua msimamizi na kuamua uhalali wa wosia ni mahakama.

Lakini wosia wenyewe nao huwa na kasoro. Nimeuona mmoja, ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari kwa mwandiko safi, wenye tarehe na sahihi ya marehemu, ukakataliwa kwa sababu mashahidi wake wawili wote walikuwa wa ukoo. Kanuni za urithi wa kimila, zilizomo katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, zinamtaka mwosiaji anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, nao wajue kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki; asiyejua kusoma anahitaji wanne, na wosia wa mdomo vilevile wanne. Marehemu yule alimwachia mkewe nyumba waliyoijenga pamoja. Sahihi ya jirani mmoja tu ingetosha kumlinda.

Wosia ukianguka, mjane hurudishwa kwenye kanuni hizo hizo, ambazo zinasema hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba haki yake ni kutunzwa na watoto wake. Mabinti nao wamewekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zao wote. Kwa Waislamu wanaorithishana kwa sheria ya dini mambo ni tofauti: wosia hauvuki theluthi moja ya mali, lakini mjane ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa mume ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha, hata kama marehemu hakuandika neno.

Mahakama zetu zimewahi kuonyesha njia. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake, kisha akaliuza uzeeni kwa kukosa wa kumtunza, alikuwa na haki ya kuuza sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Huo ulikuwa uamuzi wa ujasiri, ila ulihusu kuuza, na mjane asiye na wosia haukumfikia. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, baada ya kusikiliza malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania, iliitaka nchi yetu irekebishe sheria hizo za kimila.

Ofisi ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, huandika na kutunza wosia, na ninamsihi kila mwenye nyumba na familia aitumie. Hata hivyo, haki ya mwanamke aliyechuma pamoja na mumewe haipaswi kutegemea kama mume huyo aliwahi kushika kalamu. Kanuni inayomnyima mjane fungu ifutwe, na fungu lake liandikwe katika sheria.