Dogo na Folda ya /rescue

Umeme ulikatika seva ya FreeBSD (mfumo endeshi) ikiwa katikati ya kusasishwa. UPS ikalia mara mbili, ikakata roho. Umeme uliporudi, libc.so.7, maktaba ya msingi ya mfumo, haikuwepo. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2004, karibu amri zote za msingi, zile za folda za /bin na /sbin, zinategemea faili ya libc ya namna hiyo. Ikiondoka, hata ls, amri ya kuorodhesha faili, hainyanyui mguu.

Sikushtuka. Mashine ikaingia hali ya mtumiaji mmoja (ya matengenezo), ikaomba nitaje sheli, programu ya kupokea amri. Nikavuta kiti, nikamwambia kijana wetu wa kitengo, "Dogo, tazama wakubwa wanavyofanya," nikaandika /rescue/sh, sheli ya dharura, kwa mbwembwe zote.

Faili haipo.

Nikaandika tena, herufi moja moja. Haipo. Dogo akakohoa.

"Kaka, ile folda ya /rescue... niliifagia."

"Uliifagia?"

"Ilikuwa na faili zaidi ya 100, kila moja megabaiti kadhaa, karibu zote zimelingana hadi baiti ya mwisho! Nikajua mtu kanakili kitu kimoja akasahau. Ila cha ajabu, nafasi iliongezeka kiduchu tu."

Ingeongezekaje zaidi? Ile ni programu moja yenye majina mengi: ukiiita sh inakuwa sh, ukiiita mount inakuwa mount. Imemeza maktaba zake zote ili libc ikifa yenyewe iendelee kuhema. ls inaonyesha ukubwa uleule kwa kila jina; du, amri ya kupima nafasi iliyotumika, yenye akili zake, inahesabu mara moja.

Flashi ya dharura, iliyoandikwa USIGUSE kwa maki peni, ilikuwa imeguswa: imejaa video za send-off ya mhasibu. Tukapakua mfumo upya kwa bando langu, tukauandika kwenye flashi nyingine (harusi ya watu niliiheshimu). Alfajiri nikapandisha diski, nikarudisha libc, sh ikaitika. Nikamwachia Dogo arudishe /rescue kutoka kwenye flashi, nikaenda kutafuta chapati.

Narudi, df, amri ya kuonyesha diski imejaa kiasi gani, inasoma asilimia 108. Ndiyo, 108; FreeBSD humruhusu root, msimamizi mkuu, ale hadi akiba ya diski. Dogo alinakili kwa cp -R, ambayo haijui undugu wa majina kama tar, amri ya kufungasha faili, inavyoujua. Sasa kila jina lilikuwa faili kamili, lenye megabaiti zake halali.

Dogo akapokea chapati, akanionyesha skrini.

"Si nilikwambia, kaka? Hii folda inakula diski."