Nukta ya Zusanli si ramli

Msimu wa korosho Tandahimba, mama huinama mkorosho baada ya mkorosho tangu alfajiri. Jioni, mkekani, analaza vidole vinne chini ya pia ya goti, kisha dole gumba linatafuta kibonde kilicho kando ya muundi, upande wa nje. Anakandamiza mpaka asikie uzito ukishuka wayoni. Wachina hupaita hapo Zusanli, na tangu kale hupachoma sindano kutibu tumbo lililovurugika, kichefuchefu na uchovu.

Waganga wa zahanati ninaozungumza nao hapa Mtwara wanasema nafuu hiyo ni imani tu. Wana hoja: majaribio mengi kwa binadamu ni madogo, na mara nyingi sindano ya kuigiza, isiyoingia ngozini au inayochomwa pembeni ya nukta, hutuliza karibu sawa na ya kweli.

Lakini kuna utafiti mmoja unaoninyima raha na jibu hilo. Mwaka 2021, watafiti wa Harvard walichapisha katika jarida la Nature kazi waliyoifanya kwa panya waliopewa sumu ya bakteria, inayoichochea kinga ya mwili kupita kiasi na kuwasha uvimbe wa ndani mwili mzima. Walipopitisha umeme mdogo kwenye nukta hiyo mguuni, neva zilifikisha habari kwenye ubongo, nao ukaziamuru tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, na uvimbe ukapungua. Umeme mdogo kama huo ukiwekwa tumboni haukuiamsha njia hiyo. Panya walioondolewa neva za aina fulani zinazofika ndani kabisa ya mguu hawakunufaika. Sasa kama mahali si kitu, mbona tumbo halikujibu? Ni panya, sawa, na ni umeme, si dole gumba. Sitamwahidi yule mama kwamba kidole chake kinafanya kazi hiyohiyo. Ila panya hana imani.

Kwenye homa nasimama na waganga, bila kusita. Malaria huku Kusini bado ni nyingi. Mtoto akichemka, apimwe siku hiyohiyo, nukta isisubiriwe. Sindano ya nukta nayo iwe mpya, mkononi mwa aliyesomea.

Kubonyeza ni jambo jingine. Bibi zetu wametukanda miguu miaka yote na hakuna aliyewaita washirikina. Mama huyu akifika zahanati na kusema anabonyeza mguu, asikatizwe. Aulizwe anabonyeza wapi, tumbo linamsumbua tangu lini, na kama homa ipo.