Asidi ya yuriki kwa vijana: maharage yamebebeshwa lawama ya soda

Kijana akipima damu na kuambiwa asidi ya yuriki imepanda, chakula cha kwanza kuondolewa mezani kwake ni maharage. Kisha dagaa, halafu mchicha, kunde na uyoga. Orodha hiyo nimeiona mara nyingi, ikiwa imeandikwa kwa mkono nyuma ya karatasi ya majibu au ikizungushwa kwenye simu. Mara ya mwisho aliniletea mpwa wangu wa miaka 27, ambaye hajawahi kuumwa kiungo hata kimoja. Soda haikuwemo. Liliniuma jambo hilo, kwa sababu kwa kipato chake maharage na dagaa ndivyo vinavyomlisha siku tano kati ya saba.

Asidi ya yuriki ni mabaki ya mwisho ya purini, kemikali za asili ambazo zimo ndani ya kila seli hai. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi. Binadamu na sokwe walikipoteza zamani sana. Takriban theluthi mbili ya asidi hiyo hutokana na seli zetu wenyewe, na theluthi moja tu hutokana na chakula. Figo hutoa sehemu kubwa, utumbo humalizia. Ikipita miligramu 6.8 hivi kwa desilita, sawa na maikromoli 400 kwa lita, inaweza kuganda na kuwa fuwele. Fuwele hizo zikijikusanya kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, ndipo gauti, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo, inapoanza. Hata hivyo, wengi wenye kiwango cha juu hawaugui gauti maisha yao yote.

Wanaolaumu chakula wana ushahidi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Hyon Choi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Waliokula sana nyama na vyakula vya baharini walipata gauti zaidi. Upande wa pombe, bia ndiyo iliyoongoza, maana inapiga pande mbili: ina purini zake, na kilevi chenyewe huzifanya figo ziizuie asidi isitoke. Waliotumia maziwa yasiyo na mafuta mengi walikuwa na nafuu. Na hapa ndipo orodha ya mpwa wangu inapoanguka: mboga zenye purini nyingi, pamoja na maharage, hazikuongeza hatari hata kidogo.

Mwaka 2008 kundi lilelile likaangaliwa kwa upande wa vinywaji. Waliokunywa soda zenye sukari mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya gauti iliyozidi kwa asilimia 85 ile ya waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Soda haina purini, na ndiyo maana inaponyoka kwenye orodha zinazotengenezwa kwa kuhesabu purini. Nusu ya sukari ya kawaida ni fruktosi. Ini linapoishughulikia fruktosi hutumia akiba ya nishati ya seli kwa kasi, na mabaki ya akiba hiyo hugeuka asidi ya yuriki. Yaani kinywaji kisicho na purini kinaufanya mwili uitengeneze asidi wenyewe. Chupa moja ya kola ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Anayekunywa moja na chipsi mchana na nyingine jioni, kisha akaogopa sahani ya kunde, amepewa ushauri mbaya. Juisi ya kusaga iliyoongezwa sukari nayo haiko mbali na soda. Chungwa zima, lenye nyuzinyuzi zake na vitamini C, ni habari nyingine.

Upande wa pili unasema tunakitwisha chakula mzigo usio wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wanasayansi wa New Zealand, kwa takwimu za watu zaidi ya 16,000 wa Marekani wenye asili ya Ulaya, ulionyesha kwamba kila chakula peke yake kilieleza chini ya asilimia moja ya tofauti za kiwango cha asidi, wakati urithi ulieleza karibu asilimia 24. Hoja hii naiheshimu. Imewapunguzia wagonjwa aibu ya kuambiwa wamejitakia kwa ulafi, na inatueleza kwa nini kijana mwembamba asiyegusa bia naye hushikwa.

Ila asilimia hizo zinazungumzia tofauti kati ya mtu na mtu. Hazisemi mtu mmoja atashusha kiasi gani akibadili maisha yake, na za watu wa asili ya Ulaya hatuwezi kujivika moja kwa moja. Urithi wetu pia haukubadilika katika kizazi kimoja cha kuhamia mjini. Kilichobadilika ni kukaa kutwa nzima, sukari na kitambi. Mafuta ya tumbo yakipandisha insulini, figo huishikilia asidi. Kwa hiyo uzito naupa nafasi kubwa kuliko chakula chochote kimoja, mradi upunguzwe taratibu: anayejinyima kula siku nzima nzima ili apungue haraka huweza kuipandisha asidi kwa muda. Anayetumia dawa za kifua kikuu naye aulize kabla ya kulaumu sahani, kwani pirazinamidi huipandisha.

Kwa dagaa nitasema wazi: wana purini nyingi kweli, kama maini na figo. Aliyekwisha kuugua gauti ana sababu ya kuwapunguza. Mwenye namba tu kwenye karatasi, hapana.

Na dawa je? Wataalamu wa Japani huwa wepesi zaidi kumtibu mtu asiye na dalili, lakini mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unashauri asianzishiwe. Mwaka huohuo majaribio mawili makubwa yalionyesha kwamba alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, haikupunguza kasi ya kuharibika kwa figo kwa wagonjwa waliokuwa na hatari hiyo. Kwa kuwa mara chache dawa hiyo huleta madhara makali ya ngozi, nasimama na walioamua kusubiri.

Mpwa wangu alipimwa Jumatatu asubuhi, baada ya bia za harusini Jumamosi na mazoezi mazito Jumapili, mambo yanayoweza kuipandisha namba kwa muda. Maharage nimemwambia ayarudishe, soda aache. Atapima tena akiwa amekunywa maji vizuri, na bia hajaigusa siku kadhaa.