Blue Band Hatuna

Shangazi alipoenda matanga Siaya aliniachia duka lake la Kondele, hapa Kisumu. Mimi husoma kilichoandikwa kwenye mkebe. Mtoto akasimama kwenye wavu: "Nipe Blue Band ya kumi." Majarini ilikuwepo, ila ya jina lingine. Nikamwambia ukweli: "Hatuna." Akaja mama akitaka Omo. Hatuna. Jamaa mmoja, kiwi nyeusi. Hatuna, jaribu pale mbele. Na nyuma yangu rafu zimejaa majarini, sabuni ya unga na rangi ya viatu.

Jioni shangazi akavuta droo ya pesa. "Omera, leo kulikuwa na maandamano?"

Nikajitetea kisheria. Jina ni mali ya kampuni, na likizoeleka sana mwenyewe anaweza kunyang'anywa. Kampuni ya lifti ya Otis ilipoteza jina "escalator", la ngazi za umeme, huko Marekani mwaka 1950. Mwaka 1963 mahakama ya rufaa hukohuko ikakubali wapinzani wa kampuni ya Thermos waite chupa zao za chai "thermos", mradi waandike kwa herufi ndogo. Kwa hiyo mimi nilishinda nikilinda mali ya watu.

"Na hiyo mahakama ndiyo italipa kodi ya duka?"

Akanisomesha papo hapo. Mtu akitaja jina pamoja na bei, omo ya ishirini kwa mfano, anataka sabuni ya unga tu, mpe iliyopo. Lakini mwonyeshe pakiti kabla hujapokea pesa, hasa mtoto aliyetumwa, kwa sababu mamake akimrudisha nayo ikiwa imeshakatwa, hasara ni yako. Kwa kiwi, uliza rangi kwanza: ya kahawia ikipakwa kiatu cheusi cha shule, utaletewa mkebe na matusi. Dawa usibadilishe kamwe. Anayetaka Panadol na huna, mwelekeze duka la dawa. Na mtu akisema "yenyewe", Colgate yenyewe, basi hapo jina ndilo analonunua, na ukikosa ndipo useme hatuna.

"Ukishindwa kuelewa," akamalizia, "uliza: gani?"

Asubuhi akaja mzee mmoja. "Kijana, nipe Bic."

"Gani, mzee?"

"Ya buluu."

Nikamwonyesha kalamu tuliyokuwa nayo, ya jina lingine kabisa. Akaijaribu kwenye kiganja, akatabasamu, akalipa.

"Bic hii ni nzuri," akasema. "Inatengenezwa na kampuni gani?"