Hakuwa na kiburi, alikuwa mwoga

Poleni sana wahudumu wa kituo cha kuokoa paka. Makala yenu inasema paka huyu aliyeokolewa amefia mikononi mwenu bila kupata wa kumchukua, maana kila mgeni alipoingia yeye alijificha. Wapo watakaosema alikuwa na kiburi. Hapana jamani! Mtoto wa paka humzoea binadamu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7. Akikosa kushikwashikwa kipindi hicho, woga humganda hata umlishe vipi.

Nimependa mlivyomwachia boksi lake. Watu hudhani kujificha kunamzidishia paka woga, kumbe watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht walionyesha mwaka 2014 kwamba paka wageni kituoni wakipewa boksi hutulia mapema kuliko wasiopewa. Na yule mhudumu aliyekaa sakafuni akimtazama huku akifumba na kufumbua macho polepole bila kumgusa (nami humfanyia hivyo wangu, nyumbani wananicheka) anaijua kazi yake.

Swali moja tu: yule paka mzee aliyekuwa akilala chumba kimoja na marehemu, anakula vizuri sasa? Wakifiwa na mwenzao, baadhi hususia chakula, na paka akikaa siku kadhaa bila kula ini huharibika. Mwangalieni.