Mhandisi wa simu asiyejua kupanda mnara: kosa ni la chuo?

Lawama huwa ni ile ile kila wahitimu wapya wanapoanza kuzungusha vyeti kwenye ofisi za kampuni za simu hapa Kampala. Kijana ana shahada ya uhandisi wa mawasiliano kutoka Makerere, hesabu za Fourier, zile za kuchambua mawimbi, anazimaliza bila kusita, lakini mpe antena aielekeze, atakuna kichwa. Waajiri wanasema inawabidi wamfundishe upya. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo anauliza alikuwa analipia nini. Wapo wanaotaka fani hiyo ifutwe kama shahada ya peke yake, irudi ilikotoka ndani ya uhandisi wa umeme. Wengine wanataka iachiwe chuo cha TEHAMA cha Nakawa, ambako vijana hufundishwa kwa kushika vifaa.

Malalamiko hayo yana ukweli wake, na nitayarudia. Ila wanaoyatoa huzungumza kama vile idara hiyo iliketi siku moja, ikiwa na fedha na walimu wa kutosha, ikaamua kuchagua nadharia. Haikuwa hivyo.

Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963, Mganda aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Makerere ilikuwa na udaktari na kilimo, Dar es Salaam ikashika sheria. Chuo kile kilipogawanywa mwaka 1970 ndipo Makerere ikapata Kitivo chake cha Teknolojia, na kabla hakijasimama sawasawa Amin akachukua nchi, walimu wakatawanyika. Ufundi wa simu nao ulikuwa wa kuazima: shule kuu ya shirika la posta na simu la Afrika Mashariki ilikuwa Mbagathi, Nairobi. Jumuiya ilipokufa mwaka 1977, Mbagathi ikabaki Kenya. Kwa miaka mingi mawasiliano yakawa masomo machache tu ndani ya uhandisi wa umeme, yakifundishwa katika nchi ambayo laini zake za mezani hazikufika hata moja kwa kila watu 100.

Shahada ya mawasiliano ikaja miaka ya 2000. Celtel ilikuwa imeanza 1995 na MTN 1998, kwa hiyo simu zilitangulia na kozi ikafuata mbio. Kozi ikapangwa kwa kuitazama kampuni ya simu ilivyokuwa wakati ule: ina minara yake, ina mitambo yake, ina wahandisi wake wanaopanga masafa ya redio na kuamua kituo kipya kisimame kilima kipi.

Kisha kampuni yenyewe ikageuka, na sehemu hii haisemwi vya kutosha. Desemba 2011 MTN ilikubaliana na American Tower ya Marekani kuhamishia minara yake ya Uganda, karibu 1,000, kwenye kampuni mpya ya ubia. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 175, na Wamarekani wakachukua asilimia 51. Gawanya mwenyewe: ni kama dola 175,000 kwa kila mnara. Kibiashara sina ugomvi na mauzo hayo. Mnara mmoja ukibeba kampuni mbili au tatu, gharama hushuka na mtandao hufika vijijini haraka. Lakini fikiria kazi ilikwenda wapi. Mnara una mwenyewe, mitambo iliyo juu yake hutunzwa na aliyeiuza kwa mkataba, na dizeli hupelekwa na kandarasi mdogo mwenye pikapu na vijana wawili. Ile nafasi ya mhandisi mmoja anayeushika mtandao wote, ambayo ndiyo kozi ilikuwa inamwandalia mwanafunzi, ikakatwakatwa vipande, na vipande vingi vikashuka hadi kiwango cha fundi. Halafu mhitimu analaumiwa kwa kutokuwa fundi! Minara karibu 1,000 ilibadili mmiliki kwa mkataba mmoja, na sijasikia mtu akiuliza mtaala ungefanya nini siku ile.

Dawa inayopendekezwa ni kwamba chuo kifundishe mitambo inayotumika kazini. Mitambo ya nani? Celtel imekuwa Zain, kisha Airtel. Orange iliuzwa mwaka 2014 ikawa Africell, na Africell ikafunga virago 2021. Uganda Telecom (UTL), mrithi wa shirika la umma la simu, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2017. Mafundi wa zamani walioijua swichi ya kimakanika ya kuunganishia simu hadi mlio wake walikuwa hodari kweli, lakini ujuzi mwingi ulikwenda na mtambo. Lile ambalo mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon aliandika mwaka 1948, kuhusu kiasi cha taarifa kinachoweza kupita katika masafa fulani yenye kelele fulani, lilitawala simu ya kwanza ya Celtel na linatawala 5G iliyowashwa Kampala mwaka 2023. Mwanafunzi aliyelielewa hahitaji kuzaliwa upya kila kampuni inapobadili jina.

Pita Wandegeya siku wachimba barabara wamekata faiba. Utamkuta kijana amekaa juu ya jerikeni kando ya shimo, mwavuli umefungwa kwenye nondo. Anavua ngozi ya plastiki, anapangusa uzi wa kioo kwa spiriti, anaukata kwa kisu maalumu, anaulaza kwenye mashine ndogo. Kwenye kioo cha mashine nyuzi mbili zinatazamana. Kila moja ina unene wa mikromita 125 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na mwanga hupita katikati, penye mikromita 9 hivi. Cheche moja, zimeshikana. Mashine inaandika 0.02, yaani nguvu ya mwanga iliyopotea kwenye kiungo, kwa kipimo cha desibeli. Anakwenda uzi unaofuata. Kazi hiyo hujifunzwa kwa siku chache na mikono mitulivu, na sisemi hivyo kwa kuidharau. Chuo kisichomiliki mashine ya namna hiyo hakina la kujitetea.

Ila mashine ile haimwambii mtu ni faiba gani ilazwe. Mkongo wa taifa ulipojengwa na Huawei kwa mkopo wa China wa dola milioni 106, kelele kubwa ilikuwa juu ya aina ya waya: kwa nini G.652 badala ya G.655? Wengi walilipokea jambo hilo kama suala la mali feki. Tofauti halisi ni kwamba katika G.652 mapigo ya mwanga hutawanyika zaidi, karibu mara nne, kadiri yanavyosafiri, na kwa mitambo ya siku zile hilo lilihitaji kurekebishwa njiani. Mitambo iliyofuata husahihisha mtawanyiko kwa hesabu kwenye upande wa kupokea, na waya uliotukanwa umegeuka kuwa mzuri tu kwa kazi hiyo. Anayeweza kulieleza hilo mbele ya kamati ya Bunge, bila kuegemea muuzaji wala mwanasiasa, ni mtu aliyekaa miaka minne na zile hesabu zinazochekwa.

Hata hivyo, idara isijifiche nyuma ya Shannon. Katika miaka hiyo hiyo ya 2000 Makerere, Dar es Salaam na Obafemi Awolowo ya Nigeria ziliingia katika mradi wa iLabs pamoja na MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, uliowezesha kifaa kimoja cha maabara kutumiwa na wanafunzi wengi kupitia mtandao. Ulikuwa ubunifu mzuri, na wanafunzi wetu walishiriki kuunda majaribio yenyewe. Lakini kubofya kipanya si sawa na kushika mita inayotoa namba usizozitarajia, ukatafuta kosa ni la waya au ni lako. Na mafunzo ya kazini ya likizo, kama wengi wanavyoyajua, huishia kubeba ngazi na kusajili laini.

Mlango wa mafunzo halisi ya kazini hauko mikononi mwa chuo. Wenye mitandao na minara ndio wenye funguo. Mwaka 2020 MTN ilikubaliwa kuongezewa leseni kwa miaka 12 kwa dola milioni 100, ilhali ile ya kwanza ya 1998 iligharimu karibu milioni 6. Serikali ilidai pia asilimia 20 ya hisa ziuzwe katika soko la hisa la Uganda, na japo haikutimia kwa mkupuo mmoja, hisa ziliorodheshwa Desemba 2021. Sharti la leseni, basi, huwa na meno. Liandikwe moja kwa ajili ya mafunzo: kila mwenye leseni na kila mwenye minara apokee wanafunzi kwa muhula mzima, wapandishwe juu wakiwa na mikanda na kofia, wapewe vipimo vya kufanya na ripoti ya kutetea. Leseni hiyo ya MTN inafika mwisho 2032. Tume ya Mawasiliano ina muda wa kutosha kukiandaa kifungu hicho, na Makerere ina muda wa kuutenga muhula huo kwenye ratiba kabla hakijaanza kazi.